Nataka kusomea magonjwa ya mimea: nianzie wapi, na je, kweli yana tiba?

Binti_Kisiju

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za saa hizi.

Nimemaliza stashahada ya kilimo na sasa naomba chuo, ngazi ya shahada. Moyo wangu uko kwenye magonjwa ya mimea, na sababu ni mihogo. Kwetu ni Mkuranga, upande wa Kisiju. Bibi aliyenilea ana shamba la muhogo, na ada yangu ya shule imetoka humo. Msimu uliopita tulikwenda kung'oa. Juu mti umesimama vizuri, majani mengi, mtu akipita anasifu. Chini, ukikata muhogo unakuta mabaka ya kahawia, makavu, yameingia mpaka katikati. Mnunuzi alikataa karibu mzigo wote, hata makopa hayakufaa. Bibi akaenda duka la pembejeo, akauziwa dawa, akaambiwa apulizie halafu arudie. Akapulizia, akarudia. Hakuna kilichobadilika.

Naomba kujua kwa wanaoifahamu fani hii: mtu anayesomea magonjwa ya mimea anajifunza nini hasa? Ni kukariri majina ya dawa? Na huyu bibi yangu, kuna mtu angeweza kumsaidia au ndiyo basi?

Mdau_wa_Pembejeo

Pole sana dada. Mimi nakushauri usome biashara ya kilimo ufungue duka la viuatilifu. Magonjwa yapo kila siku, wakulima wanatafuta dawa kila siku. Maabara utaishia kuosha vioo tu.

Bwana_Shamba_Mstaafu

Marahaba binti yangu. Nimefanya kazi ya ugani Lindi na Mtwara mpaka nikastaafu, miaka yote nikiwa karibu na watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, kwa hiyo muhogo ni kitu ninachokijua kwa mikono.

Kwa maelezo yako, shamba la bibi lina michirizi ya kahawia. Ni ugonjwa wa virusi. Hakuna dawa ya kupulizia inayoua virusi ndani ya mmea. Haipo dukani, haipo Ulaya, haipo popote. Alichouziwa bibi bila shaka ni dawa ya wadudu au ya ukungu, na hata ingekuwa halali na imesajiliwa, isingemsaidia, kwa sababu ugonjwa huenda uliingia shambani siku ileile aliyopanda. Uliingia ukiwa ndani ya pingili, vile vipande vya shina tunavyopanda kama mbegu.

Ndiyo maana swali lako la tiba nalijibu hivi: mengi hayana tiba, yana kinga. Ukiitwa shambani, mara nyingi mmea unaoonyeshwa umeshapotea. Unaokwenda kuokoa ni ule wa jirani na ule wa msimu ujao. Mtu akiingia kwenye fani hii akitaka kila mgonjwa apate dozi, atahangaika yeye na atawahangaisha wakulima. Ukifika mbele ya mmea unaoumwa, uliza mambo mawili kabla hujafungua mdomo kutaja dawa: nani anasababisha hiki, na anasafirije kutoka mmea mmoja kwenda mwingine? Ukiyapata majibu hayo, njia ya kuzuia inajionyesha yenyewe.

Chukua muhogo huohuo. Kuna magonjwa mawili makubwa ya virusi, na yote mawili yanabebwa na inzi weupe na pingili. Batobato unaiona kwa mbali: majani machanga ya juu yanakuwa na madoa ya manjano, yanajikunja, yanadumaa. Mkulima anaiona, anajua mti huu si wa kuchukulia mbegu. Michirizi ni ya siri. Tazama majani ya chini, yale yaliyokomaa. Utaona umanjano unafuata mishipa, lakini jani halijikunji. Kwenye shina changa, la kijani, tafuta vistari vya kahawia. Kuna aina hazionyeshi hata hivyo, mpaka siku ya kung'oa. Kwa hiyo watu wanagawiana pingili kwa nia njema kabisa, shangazi anampelekea mpwawe harusini, na ugonjwa unahama wilaya.

Sasa angalia tofauti nyingine ambayo kwa macho huioni. Inzi mweupe akinyonya mmea wenye batobato anabaki na virusi siku kadhaa, anaruka navyo. Virusi vya michirizi havikai naye. Ni siku moja au mbili tu vimekwisha. Maana yake nini? Maana yake inzi anaieneza michirizi kwa jirani wa karibu, lakini anayeipeleka mbali ni binadamu mwenye mzigo wa pingili. Kumbe kijiji kikikubaliana kung'oa mihogo ya zamani yote na kupanda mbegu safi kwa pamoja, inzi hapati pa kuchota. Hili limejaribiwa na watafiti pamoja na wakulima katika maeneo mawili ya Tanzania, Chato kule ziwani na hukohuko kwenu Mkuranga. Ugonjwa ulikuwa mdogo kuliko kwa majirani ambao hawakufanya hivyo. Hakuna chupa ya dawa iliyofunguliwa kwa ajili ya virusi vile.

Na ujue, binti, fani hii ina mizizi nyumbani kwetu. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1894, na Mjerumani aitwaye Warburg, kutokana na mihogo ya Usambara. Michirizi ilielezwa mwaka 1936 na mtafiti aitwaye Storey, akiwa kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima hiyohiyo. Storey na wenzake waliona kwamba mihogo yote waliyokuwa nayo inaugua, wakauchavusha muhogo na ndugu yake wa porini, ule mti wa mpira wa Ceará, halafu wakarudisha uzao kwenye muhogo wa kawaida, kizazi baada ya kizazi, wakibakiza zile zinazovumilia. Kazi ile ilisimama, vituo vikabadili mikono, na baadhi ya mbegu zikatoroka kwenda mashambani. Miaka mingi baadaye watafiti wakapima vinasaba vya aina moja ya kusini iitwayo Namikonga, ambayo wazee walidhani ni ya asili, wakakuta ni ileile ya Amani ambayo pwani ya Kenya inaitwa Kaleso. Wakulima waliitunza bila kuambiwa na mtu, kwa sababu waliona haiozi. Mimi nikikumbuka jambo hilo napata heshima kubwa kwa mkulima.

Usinielewe kwamba dawa hazina kazi. Kwenye korosho nimesimama na wakulima usiku wa manane tukisubiri alfajiri tupulizie salfa. Ubwiri unga, ugonjwa wa korosho, ni kuvu, yaani ukungu, anakaa juu ya ngozi ya ua na jani changa, na salfa ya unga inamkuta hapohapo. Tunapulizia asubuhi na mapema kwa sababu umande unashika unga na upepo umelala. Lakini lazima uanze maua yanapochomoza. Ukisubiri mpaka ua limekuwa jeusi, unachafua hewa na kupoteza fedha. Unaona? Hata pale dawa ilipo, inayokuongoza ni tabia ya kimelea.

Kwa hiyo kijana wa pembejeo hapo juu simkatalii biashara yake, ni kazi halali. Ila muuzaji asiyejua kutofautisha virusi na kuvu anakula akiba za wazee.

Ndizi_Muleba

Mzee kasema kweli, na mimi niongeze la Kagera.

Mnyauko bakteria wa migomba ulitukuta huku kama mwaka 2006, ukitokea upande wa Uganda ambako ulionekana mwaka 2001. Kabla ya hapo ulikuwa Ethiopia, tangu miaka ya 1960, kwenye mmea ndugu wa mgomba unaoitwa ensete. Mkungu unaiva kabla ya wakati, ndizi ikikatwa ndani ina rangi ya kutu, na mgomba ukiukata unatoa utomvu wa manjano kama usaha. Kwetu mgomba ni chakula, ni kivuli cha kahawa, ni mahari, ni mazishi. Kuna kaya zilifyeka kibanja chote zikabaki zinanunua unga.

Mwanzoni tuliambiwa ng'oa shina zima na machipukizi yake, choma, zika. Mjane ana mashina mia, atang'oa na nani? Watu wakaacha. Baadaye watafiti waligundua kwamba bakteria hawafiki kwenye machipukizi yote ya shina, hivyo ukikata mapema ule mgomba mmoja tu unaoumwa, ukaukata usawa wa ardhi, na ukaendelea kufanya hivyo kila unapoona dalili, shamba linapona taratibu. Hilo mtu analiweza.

Mengine ni yale aliyosema mzee, njia ya kusafiri. Wadudu wanafuata utamu kwenye ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu. Likatwe mara vichane vya mwisho vikitoka, na likatwe kwa mti wenye panda, siyo kwa panga. Panga ndilo linalobeba. Panga likitoka kwenye mgomba mgonjwa lipitishe kwenye moto au lioshe kwa jiki kabla hujagusa mwingine. Nakuomba dada, ukisomea haya uwakumbuke wenye nguvu kidogo. Kinga nzuri ambayo mama wa miaka sabini hawezi kuifanya haizuii kitu.

Binti_Kisiju

Mzee wangu, nimesoma jibu lako nikamsomea na bibi. Ameuliza kama hao wa Amani walikuwa wanapika kisamvu cha huo muhogo wa mpira. Nimekosa jibu.

Nina maswali mengine. Stashahada tulifundishwa kwa picha za kwenye vitabu, lakini shambani dalili zinafanana. Nyanya ikinyauka inaweza kuwa kitu chochote. Nitatofautishaje bila maabara? Na nikienda kwa bibi likizo hii, nifanye nini cha kwanza?

Bwana_Shamba_Mstaafu

Mwambie bibi muhogo wa porini wenyewe hawakuula, walichukua uvumilivu wake tu. Kisamvu kikapikwa cha wajukuu.

Nyanya iliyonyauka. Kwanza angalia kama udongo una maji, usije ukautafutia ugonjwa ukame. Kisha ng'oa mche mzima, usiuvunje, tazama mizizi. Ikiwa na vinundu, ni minyoo fundo. Shina la chini likiwa na utando mweupe na vipunje vidogo vya kahawia mfano wa mbegu za haradali, hiyo ni kuvu ya kwenye udongo. Kama vyote hivyo havipo, kata kipande cha shina kwa wembe, kitumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi, usikitikise. Subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe za moshi zinashuka kutoka kwenye shina, ni mnyauko bakteria. Zisiposhuka, na ndani ya shina mishipa ina rangi ya kahawia, na majani yalianza kuwa manjano kutoka chini, mara nyingi upande mmoja, fikiria mnyauko fuzari. Glasi moja na wembe, binti. Nimeona wakulima wakiduwaa, maana kwa mara ya kwanza wanamwona adui kwa macho.

Na kuitambua si sifa tu. Mnyauko bakteria anakaa kwenye udongo muda mrefu na anapenda nyanya, viazi mviringo, bilinganya, pilipili, vyote vya ukoo mmoja. Mkulima akibadilisha nyanya kwa bilinganya anadhani amebadilisha zao. Mwambie apande mahindi au mtama hapo. Dawa ya ukungu haitamgusa huyo.

Jingine la bure: jani lenye doa usilolijua liweke kwenye mfuko safi wa plastiki pamoja na karatasi iliyoloweshwa, funga, kiache kivulini siku moja au mbili. Kama ni kuvu mara nyingi atachipua, utamwona kwa lenzi ya mkononi. Nunua hiyo lenzi kabla ya kununua kitabu chochote.

Kwa simu pia kuna programu iitwayo Nuru. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, inakuambia kama ni batobato, michirizi au utitiri, inazungumza Kiswahili na haihitaji intaneti ukiwa shambani. Itumie kama msaidizi. Macho yako yabaki macho yako.

La bibi nitalijibu kesho, nataka nilifikirie vizuri kwa mahali mlipo.

Mama_Mahindi_Bomet

Hamjambo nyote. Nawasoma nikiwa Bomet, Kenya. Mwaka 2011 mahindi yetu yalianza kukauka kutoka juu yakiwa mabichi, gunzi halina punje. Watu walisema ni mbegu mbaya, wengine wakasema ni mbolea, wengine wakaenda kuombewa. Wataalamu walipochukua sampuli ndipo ikajulikana ni virusi viwili vimekutana kwenye mmea mmoja. Kimoja peke yake mahindi yangevumilia, viwili vikikutana mmea unakufa. Kimoja kinaletwa na vidukari, kingine na vithiripi, wadudu wadogo sana, na mbawakawa, na kinaweza kupita hata kwenye mbegu.

Sisi tulikuwa tunapanda mahindi misimu yote bila kupumzika, kwa hivyo vilipata makao ya kudumu. Walituambia tukatize, tupande viazi, maharagwe, mboga, eneo zima kwa wakati mmoja. Iliuma, maana huku bila ugali mtu hajala. Lakini mimi nilikatiza na shamba langu likarudi. Baadaye taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya (wakati huo KARI, sasa KALRO) na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, wakajenga kituo Naivasha, mwaka 2013, cha kupima ni mahindi gani yanavumilia.

Binti, nataka ujue hivi: kabla ya kupewa jina la ule ugonjwa tulikuwa tunalaumiana, jirani kwa jirani. Jina lilituliza. Soma.

Maabara_Moro

Mimi niko upande wa maabara, Morogoro, na sioshi vioo tu, ingawa kuosha vioo ni sehemu ya kazi na kioo kichafu kinaharibu jibu.

Kwa njia ya masomo: pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, unaanza na shahada ya kwanza ya mambo ya mazao, humo ndani unakutana na kuvu, bakteria, virusi na minyoo, na ubobezi wa magonjwa yenyewe unakuja shahada ya pili. Usiikimbie takwimu, wala jenetiki, wala somo la udongo. Wanafunzi wengi wanakuja wakipenda hadubini halafu wanashindwa kupanga jaribio la shambani likaaminika.

Maabara utajifunza kumtenga kimelea. Unakata kipande pale afya na ugonjwa vinapokutana, siyo katikati ya doa ambako kila mla uozo ameshafika. Unakiosha kwa jiki iliyozimuliwa, unakiweka kwenye chakula cha viazi, sukari na agari ya kukigandisha. Akiota, unamrudishia mmea mzima wenye afya. Usipougua kwa dalili zilezile, uliyemkamata siye. Kanuni hiyo ni ya mtafiti Mjerumani Robert Koch, na mpaka leo inatuzuia kusingizia. Virusi havioti kwenye chakula, hivyo tunatafuta vinasaba vyake kwa mashine.

Historia yenyewe imejaa kusingizia. Viazi vilipoanza kuoza Ireland mwaka 1845 watu walisema ni hali ya hewa, ni umeme wa radi, ni adhabu. Mwaka 1861 mtaalamu wa mimea Mjerumani, Anton de Bary, akaonyesha kwamba kimelea ndiye chanzo, yuleyule wa bakajani chelewa anayemaliza viazi na nyanya zetu huku nyanda za juu kila mvua na baridi vikikutana. Na dawa ya ukungu ya mrututu na chokaa, ambayo wakulima wa kahawa wanaijua, ilianza kwenye zabibu za Ufaransa, mtafiti Millardet akaitangaza mwaka 1885.

Ajira zipo kwa anayejua kweli: TARI kwenye utafiti, TOSCI kwenye ukaguzi wa mbegu, TPHPA kwenye karantini ya mipakani na bandarini, mashamba ya maua na mboga huko Arusha. Kazi ya mpakani watu wanaidharau, lakini ugonjwa uliozuiwa Tunduma hakuna mkulima atakayeusikia.

Bwana_Shamba_Mstaafu

Nimerudi, binti yangu. Hili ni la bibi.

Muhogo uliopo shambani usiutolee pingili hata moja, hata ule unaoonekana mzuri. Uliokomaa ung'oeni mapema, kwa sababu kadiri unavyokaa ardhini ndivyo mabaka yanavyoongezeka. Sehemu nyeupe ikatwe, ianikwe, mtapata chochote. Mabua yachomwe au yazikwe, yasiachwe pembeni yakachipua.

Kisha tafuteni mbegu kwa mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI. Ulizeni TARI Kibaha wawaelekeze aliye karibu nanyi. Ombeni Kiroba kwanza. Bibi bila shaka anaifahamu kwa jina, ni ya pwani hiyohiyo, inaweza kupata virusi lakini mizizi yake haiharibiki sana, na inaliwa vizuri ikichemshwa. Kama mbegu hazitoshi shamba zima, pandeni kipande, mbali na mihogo ya zamani kadiri eneo linavyoruhusu. Miezi mitatu ya mwanzo pita kila wiki asubuhi. Mche wenye dalili, ng'oa siku hiyohiyo. Bibi atasikitika kung'oa muhogo unaokua. Mwonyeshe majani ya chini kwanza, yeye mwenyewe auchague, halafu mng'oe pamoja.

Na kabla ya kupanda, nenda kwa majirani wa pande zote nne. Ukipanda safi peke yako katikati ya mihogo inayoumwa, inzi atakufikia. Mwombe mwenyekiti wa kitongoji nafasi kwenye mkutano, ubebe muhogo uliokatwa na glasi ya maji kwa ajili ya wenye nyanya. Watu wa Mkuranga wamewahi kulifanya hili, wapo wanaokumbuka.

Binti_Kisiju

Nashukuru sana mzee wangu, na nyote. Bibi amekubali kung'oa. Amesema jirani wa upande wa mnazini atakuwa mgumu kwa sababu muhogo wake bado unaonekana mzuri juu. Nitamwomba anikatie mmoja tu tuutazame pamoja. Nikipata mbegu Kibaha nitaleta taarifa hapa, na picha za majani ya chini mnisaidie kuyasoma.

Bwana_Shamba_Mstaafu

Piga picha asubuhi, jua halijawa kali, na uweke jani la juu na la chini la mti uleule kwenye picha moja. Nitazitazama.